Kupima jicho la mtoto asiyesema

Uvimbe wenyewe unaonekana tangu mlangoni: laini, mwekundu wa tunda la kinyomoro lililoiva, umeilemea kope ya juu ya jicho la kulia. Mtoto ana miezi mitatu, amefika kliniki ya Kigali mgongoni mwa mama yake na barua ya rufaa ya kituo cha afya. Ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Si saratani. Hukua mbio miezi ya mwanzo, kisha hunywea wenyewe kwa miaka, ndiyo maana wazazi wengi huambiwa wangoje. Tabu ni kwamba kope nzito huikandamiza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ikapinda, picha ikafika ubongoni na ukungu, na ubongo unaojifunza kuona ukaliacha jicho hilo. Uvimbe utaondoka, uvivu wa jicho utabaki.

Daktari hashiki kisu. Anatia matone ya kupanua mboni, anangoja zaidi ya nusu saa. "Mama, mnyonyeshe kwanza." Mtoto aliyeshiba ndiye anayepimika.

Taa zinazimwa. Retinoskopu, taa ya kupimia macho, mkono mmoja, lenzi mkono wa pili, anakaa sentimita 50 kutoka jichoni na hasogei, maana umbali huo una hesabu yake: dioptri 2 (kipimo cha nguvu ya lenzi) za kutoa mwishoni. Msaidizi anainua kope kwa ncha ya kidole bila kuligusa jicho. Akilibana, daktari atapima mpindo wa kidole.

Mstari mwembamba wa mwanga unapita juu ya mboni, na ndani yake unaamka mwanga mwekundu. Anatazama jambo moja tu: unakimbilia wapi. Ukiifuata taa, anaongeza nguvu ya lenzi. Ukienda kinyume, anapunguza. Mtoto anageuza shingo. Daktari anangoja airudishe, anaanza upya bila kuguna. Mara mwanga haukimbii tena, mboni nzima inawaka kwa pamoja. Anataja namba, muuguzi anaandika. Kisha anazungusha mstari nyuzi 90 na kurudia yote, kwani konea iliyopinda ina namba mbili, na pengo kati yake ndilo linalomtia wasiwasi. Mtoto hajaulizwa herufi hata moja, na miwani yake imeshajulikana.

Kigali ipo Taasisi ya Kimataifa ya Oftalmolojia ya Rwanda, inayofunza mabingwa wa macho. Nadhani kwa wanafunzi wake ufundi huu wa retinoskopu ndio unaochelewa kuliko yote kuingia mkononi.

Dawa ya uvimbe ni propranololi, ya moyo na presha. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux waliripoti kwamba huufanya uvimbe huu unywee. Mtoto hupimwa uzito, huanzishiwa takriban miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikipandishwa hadi 2 au 3, kwa miezi 6 au zaidi. Baada ya dozi ya kwanza mapigo ya moyo hupimwa saa ya kwanza na ya pili. Hapewi akiwa na njaa, sukari ya damu isije ikashuka.

Mama na mtoto wakirudi, kope imefunguka na mama anatabasamu. Daktari anaisifu, kisha anatia matone apime tena. Pengo limepungua, halijaisha. Miwani inaendelea, na jicho lililo zima litazibwa kwa plasta kwa saa mbili kila siku.