Shupaza Tatu

Kwenye stendi ya Kericho, ukisikia neno karata, shika mfuko wako. Jamaa huchuchumaa nyuma ya boksi, akazungusha kadi tatu kwa vidole vyepesi, na nauli yako ya Litein ikatoweka ukiitazama. Kwa hiyo nilisita jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kuonja chai kiwandani, aliponikaribisha kwenye mchezo wa karata ambao, kwa maneno yake, mwongo hauwezi.

Mchezo ni briji. Huchezwa na wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akitazamana na mwenzi wake. Umbo lake la leo lilitokana na hesabu ya alama aliyoitunga Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa melini kupitia mfereji wa Panama. Miaka hiyohiyo ya 1920 ndiyo chai ilianza kupandwa kibiashara hapa Kericho. Briji na chai hiyo wangekuwa watu, Wakipsigis wangewaweka katika ibinda moja, yaani rika moja.

Nilidhani nitafundishwa kucheza kadi. Jumamosi nne zikapita sijatupa hata moja mezani. Tulifanya mnada tu. Kila mtu anashika kadi zake 13, na kabla ya kuchezwa yoyote, meza inanadi haki ya kuchagua turufu. Bei hulipwa kwa ahadi: utakula mizunguko mingapi kati ya 13. Sita ya kwanza haitajwi, kwa hiyo “moja” maana yake saba, na “nne” maana yake kumi. Chini kabisa ni pau, kisha uru, kopa, shupaza, na juu ya zote ni kucheza bila turufu. (Majina haya, pamoja na turufu yenyewe, Waswahili waliyapata kwa Wareno. Mzee huyatamka kama mtu wa Lamu, kisha anamalizia sentensi kwa Kikipsigis.)

Sasa tazama ugumu. Bei zinazoweza kutajwa ni 35. Ongeza pasi, dabo na ridabo, unapata maneno 38, na hakuna jingine linaloruhusiwa. Ilhali mikono tofauti ambayo mtu anaweza kugawiwa inazidi bilioni 635. Kwa maneno 38 umweleze mwenzi wako ni upi kati ya hiyo uliyoshika, naye akueleze wake, na wapinzani wawili wanasikiliza.

Kinachookoa ni hesabu ndogo. Ree ni alama 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na kadi zote kwa pamoja zina alama 40. Ukiwa na 12 au 13 unaweza kufungua mnada. Wenzi wakiwa na 25 kati yao, wajaribu kufika nne ya kopa au ya shupaza, au tatu bila turufu, kwa sababu hapo ndipo bonasi ilipo. Pau na uru ni za bei ya chini, hadi ufike tano. Mtoto wa darasa la tano anaweza kujumlisha hayo. Mimi ni mwalimu, nilijumlisha upesi, na nikajiona nimeiva.

Jumamosi ya tano nilishika ree na mfalme wa shupaza pamoja na ndogo tatu, mfalme wa uru na ndogo mbili, malkia wa kopa mwenye ndogo moja tu ubavuni, na ghulamu wa pau na ndogo mbili. Alama 13. Nikasema, “Shupaza moja.” Mpinzani wa kushoto akapasi. Mzee akanywa chai kwa ule mvuto wa kelele wa waonjaji, akasema, “Shupaza tatu.”

Mkewe, muuguzi mstaafu na mpinzani asiyesamehe, akageuka. “Mwalimu, hiyo tatu ina maana gani?”

Nilidhani ananitania. Kumbe ni haki yake. Sheria ya briji inataka kila mapatano ya wenzi yajulikane na wapinzani, na anayeyaeleza si aliyetaja bali mwenzi wake. Nikaanza kueleza, na katikati ya maelezo ndipo nikasikia yote ambayo mzee alikuwa amesema. Kwamba anazo shupaza nne au zaidi. Kwamba ana alama kati ya 10 na 12, maana angekuwa na 6 hadi 9 angeishia mbili, na angekuwa na shupaza nyingi zenye alama chache angeruka hadi nne mara moja. Kwamba haamui yeye. Kama nina zaidi ya nilichoahidi, niongeze. Kama sina, nisimame. Yote hayo kwa maneno mawili, na nusu yake ilikuwa ndani ya yale ambayo hakuyasema.

Nikaeleza vizuri. Kisha nikasema, “Shupaza nne.”

Tulikula tisa. Malkia wangu wa kopa alianguka, ghulamu wa pau hakufanya kazi yoyote. Mzee alikuwa na 11, na 11 na 13 hazijawahi kuwa 25. Hakunikemea. Aliuliza tu, “Nilikuuliza swali, Mwalimu. Ulilijibu?”

Chai yetu ya Kericho na Bomet nayo huenda mnadani, Mombasa. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia pwani 1969, na tangu 2020 umeingia kwenye kompyuta. Mnunuzi huonja sampuli mapema, akaamua moyoni bei asiyoivuka, kisha akakaa uso mkavu. Ufundi wake ni kuficha. Mezani kwa mzee ufundi ni kufichua, lakini kwa njia moja tu iliyoruhusiwa. Mara moja nilisema pasi nikishusha pumzi, akaniambia pumzi ile si miongoni mwa maneno 38. Kwenye mashindano makubwa wachezaji hawasemi kabisa. Huweka kadi za kutajia mezani, mara nyingine pazia likiwatenga wenzi. Mwaka 1965 huko Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walituhumiwa kuonyeshana kopa kwa vidole. Shirikisho la dunia likawatia hatiani, uchunguzi wa kwao ukawasafisha, na ubishi haukuisha.

Juzi mvua ya mawe ilianza saa tisa kama kawaida yake, bati likanguruma hata “kopa” na “pau” zikawa kitu kimoja. Mzee akaleta bahasha ya vikaratasi alivyokata kutoka kalenda ya zamani, kila kimoja na bei yake. Nilikuwa na alama 12, shupaza tano. Nikaweka moja. Akaweka tatu. Mkewe akaniinamia sikioni, akauliza kwa sauti ya kushindana na bati ile tatu ina maana gani, nami nikamweleza yote, kwa kupiga kelele, bila kuruka neno. Kisha nikapekua vikaratasi hadi nikapata kilichoandikwa pasi.

Mzee akavuta chai yake kwa kelele. Safari hii hatukuisikia.