Sauti ya "Juke" na Shida ya Kuchagua Amplifaya

Katika somo la uhakiki tumezoea kuchambua riwaya na tamthilia. Safari hii mwalimu alituruhusu tuchague kazi yoyote ya sanaa, mradi kila mtu aweze kuitetea hukumu yake. Wenzangu wengi wamechagua rumba na taarab. Mimi nimechagua wimbo usiokuwa na neno hata moja: "Juke" wa Little Walter, uliorekodiwa Chicago, Marekani, mwezi wa Mei 1952. Sababu yangu ina ubinafsi kidogo. Nilikuwa na akiba ya miaka miwili, ambayo mama aliamini ni ya kompyuta, na nilitaka kununua amplifaya ya zamani ya kupigia harmonika. Nilihitaji kujua kwanza ninatafuta sauti gani.

Harmonika ya bluzi ni kile kinanda kidogo cha mdomo chenye matundu kumi na vilimi 20 vya shaba ndani yake. Ukikipiga barazani jioni, kinatosha. Ukikiweka kati ya ngoma na magitaa ya umeme, hakisikiki. Wanamuziki Weusi waliohamia Chicago kutoka majimbo ya Kusini walikutana na shida hiyo kwenye baa na katika soko la Mtaa wa Maxwell. Little Walter, mzaliwa wa Louisiana, hakuwa wa kwanza kupigia harmonika kwenye maikrofoni. Lakini yeye aliibana maikrofoni pamoja na harmonika ndani ya viganja, akaziba kila upenyo, na sauti iliyotoka kwenye spika ikawa haifanani tena na ya kinanda cha mtoto. Kuna wanaosema inafanana na saksafoni. Mimi naona inafanana na mtu anayeongea akiwa amekasirika bila kupaza sauti.

"Juke" haifiki dakika tatu. Inaanza kwa kipande kifupi cha noti zinazopanda, kinachorudiwa mpaka sikio linakizoea, huku magitaa ya Muddy Waters na Jimmy Rogers yakitembea chini yake. Kisha Walter anaanza kuivuta noti moja kwa muda mrefu, na hapo ndipo ninapomsihi msomaji asikilize kwa makini. Viganja vikifungwa, noti inanenepa na kuwa nyeusi. Vikifunguka kidogo, inang'aa. Mkwaruzo upo, lakini ni mdogo kuliko nilivyodhani kabla sijausikiliza vizuri, nao unakuja na kuondoka kwa amri ya mkono na pumzi. Wimbo huu ulikaa wiki nane kileleni mwa orodha ya Billboard ya muziki wa R&B, na hata leo sijasikia kitu kilichozidi ndani yake.

Sasa, wapigaji wa harmonika wana imani yao kuhusu vifaa. Watakwambia kwamba ukitaka sauti ya Chicago, amplifaya ni moja tu: Fender Bassman ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10 na nguvu ya wati 40 na kitu. Siikatai sifa yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, ikapendwa na wapiga gitaa la kawaida na wapiga harmonika, na bei yake leo ni maelfu ya dola. Lakini hebu tutazame tarehe. Mwaka 1952 Bassman ya spika nne haikuwa imezaliwa bado! Wanaoinunua ili wapate sauti ya "Juke" wananunua kitu ambacho hakikuwapo chumbani siku ile. Kwangu mimi huu ni uhakiki mbovu, sawa na kumsifia mshairi kwa kalamu aliyoinunua baada ya kuandika shairi.

Hata mimi nusura niingie humo humo. Mwanamuziki mmoja hapa Bujumbura alikuwa anauza vyombo vyake kabla ya kuhama, na alikuwa na amplifaya mbili za valvu. Moja kubwa ya gitaa, ya wati 100, ya chapa ambayo kila mtu anaiheshimu. Nyingine ndogo ya Kimarekani, ya wati tano hivi, spika moja ya inchi 8, kitambaa kimechanika. Nilikwenda moyo umeshachagua kubwa.

Niliijaribu kwanza hiyo kubwa. Kabla sijafika robo ya sauti yake ilipiga ukelele uliomwamsha mtoto chumba cha pili. Sababu inaeleweka. Waya wa gitaa hutoa umeme dhaifu, kwa hiyo valvu ya kwanza ya amplifaya nyingi imewekwa ili izidishe sana. Maikrofoni iliyofungiwa viganjani inapokea sauti kali tayari, na spika ikilia, sauti yake inarudi tena kwenye maikrofoni na kuzunguka bila kikomo. Nilipoipunguza, ukelele ukaisha, lakini harmonika ikatoka safi na nyembamba, kama tangazo la stesheni.

Ndogo ilifanya kinyume. Ilianza kuchoka mapema, kabla ya ukelele kufika. Nilipobana viganja noti ilinenepa, nilipoachia, ilisafika. Haikuwa "Juke", wala mimi si Walter, lakini mkono wangu ulikuwa na kazi ya kufanya. Kasoro yake kubwa ni kwamba mpiga ngoma yeyote ataifunika, na itabidi iwekewe maikrofoni mbele yake. Kasoro hiyo nimeikubali.

Muuzaji alinihakikishia kwamba naweza kuichomeka popote. Nashukuru sikumsikiliza, niliipeleka kwanza kwa mzee mmoja fundi wa redio wa Buyenzi. Aliigeuza, akasoma kibandiko cha nyuma, akacheka.

"Mjukuu wangu, hii ni ya volti 117. Umeme wetu ni 220. Ukiichomeka hivi ilivyo, umenunua moshi."

"Shikamoo yangu haikwenda bure basi, mzee. Itawezekana?"

"Itawezekana kwa transfoma ya kushusha. Na hizi kapasita zimekauka. Usitie kidole humu hata ukishachomoa waya, maana zinaweza kubaki na umeme wa kukuua."

Aliongeza kwamba plagi ya pini mbili lazima ibadilishwe, waya wa ardhi uwepo. Nilimwuliza pia kuhusu valvu ya kwanza, kwa sababu wapigaji wengi huiondoa 12AX7 na kuweka 12AY7, ambayo uzidishaji wake ni chini ya nusu, ili kuchelewesha ukelele. Alisema tuisikilize kwanza ikiwa nzima, ndipo tuamue.

Kwa hiyo ninapoandika haya amplifaya iko mezani kwake, imefunuliwa mgongo, inangoja kapasita. Mama ameuliza mara mbili kompyuta itafika lini.