Kupima Filamu ya Damu

Filamu ya kutisha haipimwi kwa ndoo za damu. Damu ni rahisi: Hitchcock alitumia sharubati ya chokoleti katika Psycho (1960). La kuuliza ni hili: imekuweka wapi wewe unayetazama?

Anza na kamera. Katika Peeping Tom (1960) ya Michael Powell, muuaji huwarekodi wanawake huku akiwaua, nasi tunaona kupitia kitundu cha kamera yake. Kisha anaketi gizani kuitazama picha aliyoipiga, kama tulivyoketi sisi. Wakosoaji wa Uingereza waliishambulia kwa ukali, na Powell akaumia kikazi.

Halafu pima kilichofichwa. Wengi huapa kwamba katika The Texas Chain Saw Massacre (1974) ya Tobe Hooper waliiona ndoano ya nyama ikizama mgongoni mwa msichana. Haikuonyeshwa. Hooper alionyesha ndoano, akaonyesha uso. Jeraha wakalichora wenyewe.

Tazama pia kinachofuata baada ya pigo. Fundi dhaifu hukimbilia mauaji mengine. Michael Haneke, katika Funny Games (1997), anatuacha jikoni na muuaji anayejitafutia chakula. Mlio wa risasi unasikika kutoka chumba kingine. Tukirudi sebuleni, mtoto wa familia iliyotekwa ameshakufa. Runinga imetapakaa damu na bado inanguruma mbio za magari, na kamera inatulia pale kwa dakika nyingi. Hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini.

Baadaye mama wa mtoto anaiwahi bunduki na kumlipua mmoja wa wauaji. Unashusha pumzi, pengine unashangilia. Muuaji mwenzake anatafuta rimoti, anairudisha filamu nyuma, na safari hii bunduki anaidaka yeye. Ndicho kifo pekee cha damu tulichoonyeshwa waziwazi, nacho ndicho tulichokitamani. Haneke alikuwa akiisubiri furaha yetu.

Lakini jihadhari na anayekukemea huku akikuuzia. Cannibal Holocaust (1980) ya Ruggero Deodato inawalaani wapiga picha wanaozua ukatili ili wapate filamu, ilhali wanyama halisi, kobe mmoja akiwemo, walichinjwa mbele ya kamera yake. Wapo wanaosifu ujanja wa muundo wake, na ujanja upo kweli. Mimi siupi alama. Kobe yule hakuwa akiigiza.

Kipimo cha mwisho kifanye kesho yake, unywapo chai. Jiulize ni wapi ulitaka pigo lije, na ni nani aliyekufundisha kulitaka. Kisha jaribu kuwataja waliokufa kwa majina. Ukikumbuka panga na msumeno tu, ulikuwa buchani. Yule mtoto wa sebuleni aliitwa Schorschi.