Je, "Kichocheo-mwenza" ni Istilahi Inayofaa?

Elimu ya kinga ya mwili yatufundisha kwamba seli T haiamki kwa ishara moja. Ishara ya kwanza huipata inapoitambua antijeni iliyobebwa na seli nyingine. Ya pili huipata wakati molekuli yake iitwayo CD28 inaposhikamana na CD80 au CD86 za seli hiyo. Ikipata ya kwanza pasipo ya pili, aghalabu huzubaa, isiitikie tena hata ikikutana na antijeni ileile.

Istilahi imjiayo mfasiri upesi kwa CD28 ni kichocheo-mwenza. Kwa maoni yetu ina kasoro mbili.

Kwanza, mwenza hudokeza usawa, kama wa mke na mke mwenza. Ishara hizi hazilingani: ya kwanza huonyesha adui ni nani, ya pili huthibitisha kwamba yafaa kupigana. Mwaka 2006, mjini London, watu 6 wenye afya walipewa TGN1412, dawa iliyoundwa kuiamsha CD28 bila kungoja ishara ya kwanza. Wote 6 waliugua mahututi. Kosa hilo halikutokana na lugha; lakini istilahi ikiuficha utaratibu huo, mwanafunzi hataelewa hatari ilikuwa wapi.

Pili, kichocheo hutufanya tudhani kwamba ukoo mzima wa molekuli hizi huchochea. La hasha! CTLA-4 hushikamana na CD80 na CD86 zilezile, lakini kazi yake ni kuituliza seli T. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba saratani yaweza kutibiwa kwa kuondoa utulizaji wa namna hii.

Hapa ndipo tafsiri sisisi huleta madhara. Mfasiri akiiita ipilimumab, dawa inayoizuia CTLA-4, "kizuizi cha kituo cha ukaguzi", mgonjwa anayetia saini fomu ya ridhaa atadhani kwamba dawa hiyo hupunguza ulinzi wa mwili. Kumbe huuzidisha, hata kinga yaweza kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Abatacept, dawa ya baridi yabisi, ndiyo inayopunguza, kwa kuzifunika CD80 na CD86.

Kwa hiyo twapendekeza CD28 iitwe kithibitishi, na CTLA-4 iitwe breki ya kinga, kwa kuwa breki ni neno lililokwisha kuzoeleka kwa dereva na abiria wake. Dawa za jamii ya ipilimumab ziitwe vilegeza-breki. Ubora wa istilahi hupimwa kwa msomaji asiyekuwa na matini ya asili mkononi. Walimu wa sayansi hawana budi kuyajaribu maneno haya darasani kabla hayajasanifiwa.