Taa ya Mlangoni Inamtii Nani?

Oktoba 2013, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WFP na UNHCR yalianza kukagua alama za vidole katika vituo vya kugawia chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, Kenya. Aliyekuja kuchukua mgao aliweka kidole kwenye kisomaji, mfumo ukakilinganisha na rekodi zake, jibu likatoka. Kambi hiyo, iliyofunguliwa 1992, ina Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia. Hakuna maandishi ya lugha moja yatakayoeleweka na foleni nzima, na hapo ndipo ishara isiyohitaji kusomwa, kama taa au mlio, inapopata kazi.

Ofisi au ghala lolote la Lodwar, Kakuma au Kerio linalofunga kisomaji cha kadi mlangoni linakabiliwa na suala hilohilo kwa kiwango kidogo. Mtu anagusisha kadi, anatazama kitaa, anaamua kusukuma mlango au kurudi nyuma. Kitaa kikimdanganya, lawama huangukia kufuli.

Chanzo cha udanganyifu huo kimo kwenye nyaya. Visomaji vingi bado huwasiliana na kidhibiti, yaani kile kisanduku kinachoamua nani aingie, kwa mtindo wa zamani uitwao Wiegand. Waya mwekundu na mweusi huleta umeme. Wa kijani na mweupe hubeba namba ya kadi. Wa kahawia huamuru taa ya kijani, wa rangi ya chungwa taa nyekundu, wa manjano mlio. Fundi mgeni hunaswa papo hapo: waya wa kijani hauhusiki kabisa na taa ya kijani.

Kadi ya kawaida ya mfumo huo hupeleka biti 26: 8 za msimbo wa taasisi, 16 za namba ya kadi na 2 za kuhakiki. Habari hizo huenda upande mmoja tu, kutoka kwa kisomaji kwenda kwa kidhibiti. Jibu halina njia ya kurudi isipokuwa kupitia waya wa taa na wa mlio. Nyaya hizo zikiachwa zikining'inia, kisomaji hakitajua kamwe kama mwenye kadi amekubaliwa au amekataliwa.

Hata hivyo kitawaka. Visomaji vingi hutoka kiwandani vikiwa na tabia yao wenyewe: taa nyekundu wakati wa kungoja, kisha mmweko wa kijani kila kadi inaposomwa. Mmweko huo maana yake ni "nimeisoma kadi", si "ingia". Mfanyakazi aliyefutiwa ruhusa jana ataona kijani leo, atasukuma mlango uliofungwa, na fundi wa kufuli ataitwa bure.

Tiba ina hatua mbili. Kwanza, tabia ya kiwandani inazimwa: kwa kadi maalumu ya mipangilio, au kwa programu ya simu kupitia Bluetooth katika aina mpya. Pili, waya wa kahawia unaungwa kwenye tokeo la taa la kidhibiti. Katika hali ya kawaida waya huo hukaa na volti 5 hivi. Kidhibiti kikiushusha hadi sifuri, kijani kinawaka. Tangu hapo taa inasema alichoamua mwenye mamlaka.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya mafundi huifunga taa kwenye swichi ileile inayofungua kufuli. Mtu wa ndani akibonyeza kitufe cha kutokea, kisomaji cha nje nacho kinageuka kijani, na aliyesimama barazani bila kadi anakaribishwa. Kidhibiti kinachotenganisha mambo hayo mawili kinaondoa kasoro hiyo.

Mfumo wa OSDP, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60839-11-5 mwaka 2020, umeleta mazungumzo ya pande mbili kati ya kisomaji na kidhibiti kwenye kebo ya RS-485 inayoweza kufika mita 1,200. Humo amri ya taa ina tabaka mbili, ya kudumu na ya muda, na muda hupimwa kwa vipande vya sekunde 0.1. Kadi iliyokataliwa inaweza kupewa nyekundu kwa vipande 2, giza kwa vipande 2, jumla vipande 20: mimweko mitano ndani ya sekunde mbili. Iliyokubaliwa inapata kijani tulivu kwa vipande 30. Muda ukiisha, taa inarudi yenyewe kwenye rangi ya kudumu. Mlango ulioachwa wazi unaweza kupewa manjano ya kumeta.

Huko Turkana mpangilio huo una uzito wake. Mchana wa Lodwar joto hupita nyuzi 35, na jua likipiga moja kwa moja juu ya kitaa, nyekundu na kijani hufifia zote. Kisomaji kinahitaji kofia ya kivuli, pamoja na mlio na mdundo wa mimweko unaotofautiana kati ya kukubaliwa na kukataliwa, ili hata asiyepambanua rangi hizo mbili aelewe.

Wanaotumia sola hushawishika kuzima taa ili kuokoa betri. Hesabu haiwaungi mkono: kitaa hula miliampea chache, ilhali kufuli la sumaku la volti 12 huweza kula 500 hivi muda wote mlango umefungwa. Zaidi ya hayo, kufuli hilo huachia umeme ukikatika. Afadhali kidhibiti kiamriwe kumetesha manjano betri inapokaribia kuisha, mlinzi apate kujua mapema kwamba mlango utabaki wazi.

Anayelipia kazi hii asitie sahihi kabla ya kujaribu kadi tatu mbele ya fundi: halali, iliyofutwa na isiyosajiliwa. Kisha abonyeze kitufe cha ndani huku mwenzake akitazama kisomaji cha nje. Kijani kikitokea kwa kadi iliyofutwa, au kikiwaka nje kwa kitufe cha ndani, fundi arudi kwenye waya wa kahawia.