Mwili wa Binti katika Utendi wa Mwana Kupona

Wahakiki wengi wameusoma utendi huu wa mwaka 1858 kama wosia wa utiifu. Tunapendekeza usomwe pia kama wosia wa mwili. Mshairi, mzaliwa wa Pate, mjane na mgonjwa, anamrithisha bintiye namna ya kujitazama: hina, manukato, mapambo, usafi wa kila siku. Lakini jicho linaloupima urembo huo ni la mume. Chakula nacho, katika beti hizo za unyumba, anaandaliwa yeye. Njaa ya binti haitajwi. Kimya hicho ndicho hoja yetu.

Msomaji wa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, hataona ugeni. Huku pia binti hujifunza kwa mamaye nani apakuliwe samaki kwanza, na neno “umekonda” likitoka kinywani mwa mama huwa hukumu.

Hata hivyo, tusimlaumu Mwana Kupona upesi. Alimpa mwanawe kinga aliyokuwa nayo. Lililo juu yetu ni kuuliza: tunapomwambia binti ale, au aache, tunamtazama kwa jicho la nani?