Deni na Amani: juu ya kitabu cha Bwana Keynes

Kuna kitabu ambacho mwalimu wa historia hawezi kukiruka. Kilitungwa na Mwingereza John Maynard Keynes, kikatoka Desemba 1919, na jina lake ni The Economic Consequences of the Peace, maana yake: matokeo ya amani juu ya uchumi. Waseminari wengi wanakijua kwa neno moja tu: kwamba amani ya Versailles ilizaa vita ya pili kwa sababu Wajerumani walidaiwa feza kupita kiasi. Neno hilo linarudi kila mwaka katika kazi za darasa. Je, ni kweli? Nimekisoma kitabu tena, na jibu langu ni hili: nusu ni kweli, na nusu ya pili inaweza kutupoteza.

Kwanza tukipe sifa yake. Keynes hakuandika mambo ya kusikia. Alikuwa Paris mwaka 1919 kama mjumbe wa Hazina ya Uingereza, akaacha kazi mwezi wa Juni, karibu majuma matatu mbele ya mapatano kutiwa sahihi tarehe 28. Alimwona Clemenceau wa Ufaransa amekaa kimya, glavu za kijivu mikononi. Alimwona Wilson, Rais wa Marekani, aliyekuja na maneno mema lakini bila mashauri yaliyotengenezwa. Kurasa zile zinapendeza sana, lakini zina dharau ndani yake, na msomaji anapashwa kujihadhari. Anayejua kuchora watu vizuri namna hii si lazima awe amewahukumu kwa haki.

Nguvu ya kitabu iko katika hesabu. Keynes anauliza swali ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia: inchi iliyoshindwa inaweza kulipa kiasi gani? Anajibu: si zaidi ya paundi milioni 2,000. Mwaka 1921 washindi waliandika deni la mark za dhahabu miliyari 132, ndiyo karibu paundi milioni 6,600, ijapokuwa sehemu kubwa ya deni hilo iliandikwa kwa kuwatuliza raia wao tu. Tena anaonyesha kwamba mapatano yaleyale yaliwaondolea Wajerumani merikebu, chuma na makaa ya mawe. Ni sawa na kumnyang'anya mkulima jembe lake, kisha kumdai mavuno. Zaidi ya hayo, pensheni za askari ziliongezwa juu ya deni, na mbele ya kuweka silaha chini Wajerumani walikuwa wameahidiwa kwamba watalipia hasara za raia. Hapo Keynes anagusa jambo kubwa kuliko feza: neno lililotolewa halikushikwa. Sura hiyo ndiyo iliyo bora.

Lakini je, deni ndilo lililoleta vita? Mfransa Étienne Mantoux, aliyekufa vitani Aprili 1945, aliacha kitabu cha kumjibu Keynes. Kilitoka mwaka 1946. Anasema kwamba inchi iliyodai haiwezi kulipa ilipata baadaye feza nyingi za kununua silaha. Na tutazame tarehe. Deni lilifutwa karibu lote huko Lausanne, Julai 1932. Hitler alipewa serikali Januari 1933. Mzigo ulikuwa umekwisha tuliwa, na hasira ilibaki. Tukumbuke pia Ufaransa wenyewe: nyuma ya vita ya 1870 walitozwa faranga miliyari 5, wakazimaliza mwaka 1873. Feza zililipwa, lakini Alsace na Lorraine hawakuzisahau. Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tunavyosema. Dawa ya haya ni nyingine.

Basi kosa linalokosekana katika hesabu ya Keynes ni lipi? Ni namna amani yenyewe ilivyofanywa. Wajerumani hawakuketi barazani. Walipewa maandiko tarehe 7 Mei 1919, wakaruhusiwa kujibu kwa barua tu, na mwishoni wakaambiwa: tieni sahihi, ama vita inaanza tena. Huko Vienna, miaka 1814 na 1815, Talleyrand aliisemea Ufaransa iliyoshindwa katika baraza la washindi. Na Ulaya haikuona tena vita ya mataifa yote mpaka 1914. Tena, amani ya Versailles ilikosa walinzi, kwani Seneti ya Marekani iliikataa mwaka 1919 na 1920. Kifungu cha 19 cha Chama cha Mataifa kiliruhusu mapatano yaliyopitwa na wakati yafikiriwe upya. Hakikutumiwa kuyarekebisha haya.

Papa Benedikto XV alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika barua yake ya tarehe 1 Agosti 1917 aliwaomba wapiganaji wasameheane hasara, isipokuwa pahali ambapo haki ingedai vingine. Hakusikilizwa, na mapatano ya siri ya London ya mwaka 1915 yalikwisha kumfungia mlango wa baraza la amani. Mei 1920 aliandika tena kwamba mapatano hayawezi kudumu kama chuki haikuzimwa kwa upatanisho.

Kasoro ya pili: Keynes anaiona Ulaya tu. Mapatano yaleyale yaliondoa makoloni mikononi mwa Wajerumani, na Mei 1919 Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza waligawana jirani zetu. Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, ilikatwa ikapewa Waingereza, waliotafuta njia ya reli. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mfalme Musinga alilalamika, na Mgr Classe pia aliandika. Na Gisaka ikarudishwa Rwanda, bila damu kumwagika juu yake. Jambo ni dogo kando ya Versailles, lakini linafundisha: kosa la amani linaponyeka, ikiwa aliyeumizwa anaweza kusema na mwenye nguvu anakubali kurudi nyuma.

Nyuma ya 1945 Ulaya ya magharibi ilijifunza kidogo. Mwaka 1950 Schuman alitaka makaa na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Mwaka 1953, huko London, madeni ya Ujerumani ya magharibi yalipunguzwa karibu nusu, na wadaiwa wenyewe walikuwa mezani. Tusiisifu amani ile kupita kiasi: askari wengi waliilinda, na Ujerumani ilibaki imegawanyika hata 1990.

Basi, ndugu, someni Keynes, hasa sura ya malipo, na kisha Mantoux. Msiandike tena kwamba deni peke yake lilileta vita. Na wewe katekista, unayeitwa jioni kusuluhisha jamaa mbili juu ya shamba, usianze na hesabu ya mbuzi wa kulipa. Tazama kwanza kama aliyeshindwa ameketi, na kama amepewa nafasi ya kusema.